Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya michezo: tufungulieni kiwanja, tupelekeni tukasomee ukocha

Mbeya

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya michezo ya vijana na viwanja vya wananchi,

YAH: VIJANA WA RAGA KUFUNGIWA KIWANJA NA KOCHA WAO KUNYIMWA MAFUNZO

Waheshimiwa, wakubwa zangu shikamooni. Walio rika langu, habari za kazi.

Mada tajwa hapo juu yahusika. Ndivyo nilivyoanza barua zangu tatu zilizotangulia, na nakala zake ninazo, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza niliileta Februari mwaka jana. Nilipoifuatilia nikaambiwa faili liko kwa bosi. Ya pili niliileta Mei. Bosi akawa semina Dodoma. Ya tatu niliileta Septemba, na dada wa masjala, ambaye ni mtu mwema na sina ugomvi naye hata kidogo, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, hicho kitu chako cha kuangushana, achana nacho tu." Nimeshindwa kuachana nacho. Ndiyo maana leo nimeandika mahali ambapo hata mama muuza ndizi wa Kabwe anaweza kusoma.

Sitataja ofisi wala jina la mtu. Wenyewe mnajijua, na mji wetu si mkubwa kiasi cha kufichana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nafundisha Jiografia na, kwa kujitolea, raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Mchezo huu niliukuta Nairobi, nilikofanya kazi ya hesabu kwenye kampuni ya malori kabla sijarudi nyumbani kuingia ualimu. Jumamosi wenzangu walikuwa wakinivuta kwenda kwenye uwanja wa raga wa RFUEA ulioko Barabara ya Ngong, na haukuisha mwezi nikawa nimehama jukwaani, nimeingia timu ya akina dada ya daraja la chini kabisa. Waliniweka winga kwa sababu mbio ninazo na kifua sina. Niliporudi Mbeya nilikuja na mpira mmoja kwenye begi. Kutokana na mpira huo leo kuna vijana 34, wasichana 13 kati yao, ambao kila wiki wananiuliza swali moja: "Madam, tumefunguliwa?"

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kiwanja

Tulikuwa tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni hadi jua linapoelekea kuzama, kwenye kiwanja cha wananchi ambacho saa hizo hakina mtu isipokuwa mzee mmoja na mbuzi wake wawili. Hatukuwahi kuingia siku ya timu ya mpira wa miguu. Hatukuchimba hata shimo moja: milingoti yetu ya mianzi, ile yenye umbo la herufi H, tuliisimika kwenye matairi yaliyojazwa zege, na tukimaliza tunaibeba mabegani kurudi nayo. Siku moja tukakuta kufuli. Mlinzi akasema ameambiwa raga inaharibu nyasi.

Nyasi zipi, Waheshimiwa? Kiwanja kile kina nyasi pembeni tu, na hizo ni za wale mbuzi. Katikati ni udongo mwekundu, kiangazi mgumu kama sakafu, na mvua zikianza Novemba unageuka uji. Kama kuna aliyekwenda kupima uharibifu, naomba anionyeshe ripoti yake.

Sasa hivi tunafanyia mazoezi kwenye shamba la mahindi la mzazi mmoja, Mungu ambariki, ambaye anatuachia akishavuna. Yaani tuna uwanja kuanzia Julai mpaka mbegu zinapoingia ardhini, basi. Na shamba lililovunwa sina hakika mmelitazama kwa jicho la mtoto anayekimbia. Bua likikatwa kwa panga linabaki kisiki cha urefu wa kidole, kimechongoka mshazari. Ukiangukia goti, hakikuchubui, kinakuchoma. Kwa hiyo kabla ya mazoezi tunajipanga bega kwa bega, mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, tunainama na kwenda mbele taratibu tuking'oa visiki kwa mikono. Dakika 25 zinaishia hapo. Vijana wenyewe wameipa kazi hiyo jina, skramu ya mabua, kwa kufananisha na skramu ya raga, pale wachezaji wanapoinama na kushikana mabega kusukumana na wapinzani. Asubuhi ya Jumamosi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Loleza na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai, sisi tunang'oa mabua, na mita mia nne kutoka tulipo kiwanja kimefungwa kwa kufuli, hakuna anayekanyaga.

Najua mtasema nguvu zote kwa sasa ziko kwenye mpira wa miguu, kwa kuwa AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Na mimi nitavaa jezi ya Taifa Stars siku hiyo, nitapiga kelele mpaka sauti ikauke. Lakini AFCON haitachezwa kwenye kiwanja cha mbuzi wawili. Hatujaomba kuinyang'anya timu yoyote saa yake. Tumeomba saa ambazo hazina mwenyewe.

2. Siku ya bonanza

Hili naliandika kwa uchungu, mnisamehe likirefuka.

Tulipewa dakika 15 za kuonyesha mchezo wetu kwenye bonanza la shule, mgeni rasmi akiwa amekaa chini ya turubai. Dakika ya nne kijana wangu wa kidato cha pili aliteleza akiwa mbioni, akaanguka chali na kisogo kikagonga udongo ule mgumu. Aliinuka hapo hapo. Akacheka hata. Nilimfuata nikamuuliza swali tunalowauliza siku zote: tunacheza na nani leo? Akanijibu, "Na Prisons, Madam."

Wenzake waliangua kicheko. Tulikuwa tunacheza wenyewe kwa wenyewe, na Prisons, kama kila mtu wa Mbeya ajuavyo, wanacheza soka. Mimi sikucheka. Katika raga kuna kanuni isiyojadiliwa: mchezaji ukimshuku tu kwamba amepata mtikisiko wa ubongo, anatoka, na siku hiyo harudi. Haijalishi anasema yuko fiti, haijalishi ni fainali. Akitoka anapumzika, anaonwa na tabibu, na kurudi kwake ni kwa hatua: kutembea kwanza, kukimbia polepole, na kugongana na wenzake kunakuja mwisho kabisa. Ubongo wa mtoto ukitikisika mara ya pili kabla ya kupona mara ya kwanza, madhara yake yanaweza kuwa makubwa mno.

Nilimkalisha chini ya mti. Barafu hatukuwa nayo, nikatumia chupa ya soda ya baridi niliyoiomba kwa muuzaji. Ndipo akaja mmoja wenu kutoka meza kuu, akaniinamia na kusema kwa upole kwamba nimrudishe yule mtoto, mgeni rasmi anataka kuona timu kamili, na yule ndiye mwenye mbio. Nikasema harudi. Akaniambia, sauti imepanda kidogo, mbona mwenyewe anasema yuko fiti. Nikamjibu kwamba ndiyo maana harudi.

Tulimaliza pungufu ya mtu mmoja. Mgeni rasmi alipiga makofi. Mama wa kijana alikuja na bajaji, tukampeleka hospitali pamoja, na leo yule kijana mzima wa afya, ananisumbua darasani kama kawaida. Lakini wiki mbili baada ya bonanza likaja agizo la mdomo: raga isimame, ni mchezo wa hatari.

Waheshimiwa, someni tena mtiririko huo. Mchezo umeitwa hatari kwa sababu ya mtoto niliyemtoa nje, na aliyeuita hatari ni yule yule aliyetaka nimrudishe ndani.

Sisemi kwamba raga haiumizi. Inaumiza, na watu wake wamejifunza hilo kwa gharama kubwa. Steve Thompson, aliyekuwa kwenye timu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, alijitokeza mwaka 2020 akiwa na miaka 42 kusema amepatikana na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kushinda kombe lile. Habari ile iliniondolea usingizi. Ndiyo maana wadogo wangu wa chini ya miaka 12 hawaangushani kabisa: kila mmoja anachomeka vipande viwili vya khanga kiunoni, ukimchomoa kimoja umemkaba, anaachia mpira. Wakubwa kabla ya kumwangusha mtu yeyote wanakaa wiki sita wakijifunza kwa magoti mahali pa kuweka kichwa, maana kichwa hakikai mbele ya mapaja ya anayekimbia, kinakaa ubavuni, shavu limegusa kalio lake. Wanacheka sana hapo, na mimi nawaacha wacheke, kwa sababu kitu kilichomchekesha mtoto hakisahau.

Hayo yote niliyafahamu kwa kufundishwa, tena kidogo tu. Na hapo ndipo tunafika kwenye lalamiko ambalo kwangu ndilo kubwa.

3. "Wewe ulicheza timu gani ya taifa?"

Niliulizwa hivyo mbele ya watu wanne, ofisini. Nikajibu ukweli: sikucheza timu ya taifa yoyote. Nikaambiwa basi, kocha wa raga anatakiwa awe aliyecheza kimataifa, siyo mtu wa kuokotea mchezo barabarani.

Nilikwenda nyumbani nikiwaza mtu mmoja, Benjamin Ayimba.

Kwa wasiomjua: Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya, katika raga ya wachezaji 15 na katika ile ya wachezaji saba, na alikwenda hadi Uingereza kuchezea klabu ya Cornish Pirates. Mtu wa namna mnayoitaka kabisa. Alipokabidhiwa timu ya taifa ya wachezaji saba kama kocha, katikati ya miaka ya 2000, hakuleta kombe mwaka wa kwanza. Wala wa pili. Machi 2009, kwenye Kombe la Dunia la wachezaji saba lililofanyika Dubai, Kenya iliwatoa Fiji waliokuwa mabingwa watetezi kwa 26–7 kwenye robo fainali, ikafika nusu fainali na kufungwa na Argentina. Baadaye akaondolewa. Wakapita makocha wengine, akiwemo Mwingereza Mike Friday na Paul Treu wa Afrika Kusini. Mwaka 2015 wakamrudia yule yule waliyemwondoa.

Tarehe 17 Aprili 2016 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa bado Nairobi. Tulijazana kwenye kibaa kidogo, runinga moja, waya wa antena umeshikiliwa na kijana aliyekatazwa kusogea. Fainali ya Singapore, kituo kimojawapo cha mzunguko wa dunia wa raga ya wachezaji saba, Kenya na Fiji. Raga ya wachezaji saba ni dakika saba kila kipindi, ukienda kununua karanga umekosa nusu ya mchezo. Ilikwisha Kenya 30, Fiji 7. Collins Injera alifunga trai mbili, yaani mara mbili aligusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Kenya haikuwa imewahi kutwaa kombe la mzunguko ule wa dunia hata mara moja. Na Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walikwenda Rio wakawachapa Uingereza 43–7 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao.

Kenya pia ilikwenda Rio chini ya Ayimba. Ilipoteza mechi zote tatu za kundi. Siwafichi, maana ninyi mngelitafuta hilo mngelikuta. Baada ya hapo hakuendelea na timu. Mei 2021 alifariki Nairobi kwa malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa ambao hata sisi tunazika nao watu kila mwaka.

Nayasimulia haya kwa sababu hata yeye, nahodha wa taifa, siku aliyovua jezi na kushika filimbi alikuwa mwanafunzi tena. Miguu iliyomfikisha timu ya taifa haikumfundisha namna ya kumwambia kijana wa miaka 20 kwamba leo hachezi, wala namna ya kugawa pumzi za wachezaji 12 kwa mechi sita ndani ya siku mbili. Hayo aliyasomea miaka mingi, akiondolewa na kurudishwa. Kwa hiyo "alicheza kimataifa" si cheti cha ukocha. Ni tikiti ya kuingia darasani.

Na mwingine anaweza kuingia darasa hilo kwa mlango wa nyuma. Rassie Erasmus wa Afrika Kusini alichezea nchi yake mechi 36 kati ya 1997 na 2001. Alipokuwa kocha kijana pale Bloemfontein alikuwa anapanda juu ya paa la uwanja na kuwasha taa za rangi, kila rangi ikiwa na maana yake kwa wachezaji walioko chini. (Sisi paa hatuna, Waheshimiwa. Tunaomba walau ardhi.) Mwaka 2018 alikabidhiwa timu ya taifa ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imefungwa na New Zealand 57–0, na tarehe 2 Novemba 2019, Yokohama, ikatwaa Kombe la Dunia kwa kuwafunga Waingereza 32–12. Sasa tazameni aliyemfuata. Kombe lililofuata, la 2023, walilochukua kwa pointi 12–11 mbele ya New Zealand, kocha mkuu alikuwa Jacques Nienaber. Nienaber hakuwahi kuichezea Afrika Kusini. Alisomea tiba ya viungo; alianza kwa kuchua misuli ya wachezaji. Alikaa karibu, akatazama, akasoma, akapewa nafasi.

Mmoja nyota, mwingine mchua misuli, na wote wawili wamepitia kufundishwa. Mimi sidai kuwa hata robo ya kidole chao. Nadai kufundishwa.

Na nafasi ilikuwepo! Mwaka jana nilipata nafasi kwenye kozi ya awali ya makocha, Arusha. Chakula na malazi vilikuwa juu ya waandaaji. Nauli wazazi walinichangia, wengine kwa buku mbili, wengine kwa gunia la viazi nililoliuza mwenyewe. Kilichobaki ni barua moja ya utambulisho kutoka ofisini kwenu, mistari mitano, ambayo niliichapa mwenyewe ili nisimsumbue mtu. Nilikuja siku kumi na moja za kazi mfululizo. Siku ya kumi na moja niliambiwa mwenye sahihi ametoka kidogo. Kozi ilianza siku iliyofuata. Kutoka Mbeya hadi Arusha hata basi la saa kumi na moja alfajiri halifiki saa mbili asubuhi.

Kisha mwezi huu mnaniambia hatuwezi kuruhusiwa kwa sababu hatuna kocha mwenye cheti.

4. Kwamba ni mchezo wa Wazungu

Hili nalipita haraka kwa sababu sidhani aliyelisema analiamini. Mpira wa miguu nao ulishuka melini, na neno penalti halikuzaliwa Tukuyu. Uwanja ule wa Nairobi niliojifunzia, herufi EA kwenye jina lake ni Afrika Mashariki. Chama chenye jina hilo kilianzishwa 1953, na waliokianzisha waliihesabu Tanganyika ndani yake. Fiji nayo ililetewa mchezo huu na wageni, na watu wake wote hawafiki milioni moja, wakati Mkoa wa Mbeya peke yake kwa sensa ya 2022 una zaidi ya milioni mbili. Sisemi tutachukua dhahabu ya Olimpiki. Nasema hoja ya ugeni haina miguu.

Kama kuna mila inayovunjwa ni moja tu, wasichana kugaragara kwenye tope, na kuhusu hiyo nimeongea na mama zao mmoja mmoja, jikoni kwao. Waliokataa ni wawili, na nimewaheshimu.

5. Vifaa

Mpira wetu ni ule mmoja niliokuja nao. Vile vipele vya juu vinavyosaidia mkono kushika vimeshasagika, ukilowa unateleza kama perege. Kwa hiyo wengi wanafanyia mazoezi ya pasi kwa chupa za maji za lita moja na nusu tulizozishindilia maranda. Rafiki yangu mwenye mashine ya mbao Mafinga hutuletea gunia akipita. Mpira halali wa raga una uzito wa gramu 410 hadi 460. Tuliipeleka chupa yetu Mwanjelwa, tukaomba mizani kwa muuza vitunguu, ikasoma gramu mia nne na ishirini. Muuza vitunguu akauliza tunauza nini. Vijana wakamwambia, "Raga, mama." Akasema hajawahi kuisikia, ila kama ni kwa kilo atachukua.

Kwenye vifaa sidai kitu. Nimelitaja tu ili asije mtu akasema tumekaa tunasubiri kupewa.

Baada ya hayo, tunachoomba ni hiki. Kufuli litolewe Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na kama kuna sharti la nyasi liandikwe tulitekeleze. Agizo la kusimamisha raga litolewe kwa maandishi lenye sahihi na sababu, au lifutwe kwa maandishi. Agizo la mdomo siwezi kulikatia rufaa wala kuwaonyesha wazazi. Barua ya utambulisho isainiwe mapema kwa kozi ijayo, na isiwe yangu peke yangu: kuna mwalimu mwenzangu Iringa na kijana mmoja Njombe wanaohangaika na mchezo huu huu, tupelekeni watatu. Na katika bonanza lolote, la raga au la soka, pawepo mtu mmoja mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ambaye akisema mchezaji atoke, hakuna meza kuu inayoweza kumrudisha.

Hela sijaomba, mtaona. Najua mtaniambia bajeti imeshapita. Ndiyo maana nimeandika vitu ambavyo vinagharimu ufunguo, wino na muhuri.

Yupo atakayesema nimewaaibisha kwa kuandika hadharani. Aangalie tarehe za barua zangu kwanza. Nilibisha hodi mlangoni mwaka mzima kabla sijatokea dirishani.

Jibu nitalipokea kwa njia yoyote, hata kwa simu. Namba yangu iko kwenye zile barua tatu. Asiyeweza kuandika aje. Jumamosi hii tupo shambani kuanzia saa moja asubuhi. Kijana yule wa bonanza atacheza. Tabibu alishamruhusu zamani na hatua zote amepitia. Mkija, vaeni viatu vyenye soli ngumu, maana upande wa juu wa shamba bado hatujaung'oa.

Wenu katika michezo,

Mwalimu wa Jiografia,
Mbeya

Nakala: Wazazi wa vijana 34